Karatasi ya Walter, kipande cha Owuor

Machi 2003, filamu iliyopigwa hapa Kenya, iliyojaa Kiswahili, ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Lugha hiyo ya kigeni ilikuwa Kijerumani na tuzo ikaenda zake Ujerumani. Filamu yenyewe inaitwa Nirgendwo in Afrika, ya mwelekezi Caroline Link, ya mwaka 2001. Mwulize barobaro yeyote pale steji ya Mjambere, atakwambia hajawahi kuisikia. Mimi niliipata kwenye flashi ya jirani, katikati ya sinema za Kihindi, nikaitazama mara ya kwanza kwa ajili ya Kiswahili, mara ya pili kwa ajili ya Owuor, na mara ya tatu kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikujua nimekasirishwa na nini. Makala haya yametoka kwenye ile mara ya tatu.

Hadithi kwa ufupi. Walter Redlich ni wakili Myahudi wa huko Silesia ambaye Wanazi wamemfungia kazi. Anatangulia Kenya, anapewa kusimamia shamba la mzungu huko Rongai, malaria inamwangusha, na mpishi wa shamba, Owuor, anamuuguza hadi anainuka. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao mdogo Regina wanamfuata. Walter alikuwa amemwandikia mkewe alete friji. Mke akanunua gauni la jioni. Baada ya hapo tunakaa nao miaka mingi: nzige, ndoa inayokatika na kuungwa tena, vita, shule ya bweni ya Waingereza, na barua. Mwaka 1947 wanarejea Ujerumani, Walter akiwa amepata kazi ya ujaji.

Chanzo chake ni riwaya ya Stefanie Zweig ya mwaka 1995, na riwaya hiyo imekaa karibu sana na maisha ya mwandishi. Zweig alizaliwa 1932 katika mji wa Leobschütz, ambao siku hizi uko Poland na una jina jingine, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama sita, akaondoka akiwa kijana wa karibu miaka 15. Baadaye alikuwa mwandishi wa habari Frankfurt, na alifariki huko 2014. Regina ni yeye, au karibu yeye.

Nilipowaambia wenzangu barazani kwamba naandika kuhusu filamu ya wakimbizi Wayahudi, swali lilikuja kabla kahawa haijapoa. Saa hizi? Na Gaza je? Ni swali la haki na sitalikwepa. Watu wa Kisauni wanaona Gaza kwenye simu zao kila siku, wanaona watoto wanatolewa chini ya zege, halafu mtu anakuja na sinema ya mateso ya miaka ya thelathini. Lakini sikubali kwamba historia moja ni risiti ya kulipia nyingine. Mtu aliyepandishwa treni kwa nguvu mwaka 1942 hakuhusika na chochote kilichotokea 2023, wala kifo chake hakimpi mtu mwingine ruhusa ya chochote. Nikisema hivyo barazani wengine wanakubali, wengine wanasonya. Sawa tu.

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu sisi na lugha yetu. Mtaani kwetu neno "Yahudi" mara nyingi si jina la watu. Ni sifa ya roho mbaya. Nimelisikia tangu utotoni likitumika kwa mwenye nyumba asiyesubiri kodi, kwa kondakta aliyemshusha mtu njiani. Wanaolisema wengi wao hawajawahi kukutana na Myahudi hata mmoja, na wakimfikiria wanamfikiria mwanajeshi wa Israeli. Kitabu cha Hitler nacho nimekikuta kimetandazwa barabarani, kando ya vitabu vya jinsi ya kutajirika, na muuzaji anakisifia kwamba kinatoka haraka. Si chuki yote hiyo. Nyingi ni kutojali. Lakini kutojali kwetu kuna historia yake pia. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise pale Kikambala, mwendo mfupi tu kutoka kwetu ukishapita Mtwapa, ililipuliwa kwa sababu wageni wake walikuwa Waisraeli. Waliouawa ni Waisraeli watatu na Wakenya kumi, baadhi yao wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Aliyetaka kuwaua Wayahudi akaua zaidi watu wa pwani. Miezi minne baadaye Nirgendwo in Afrika ikachukua Oscar. Sidhani kuna mtu Kisauni aliyekuwa na nafasi ya kuisherehekea, hata kama habari zingemfikia.

Sasa filamu yenyewe, nikianza na uzuri wake, kwa sababu upo na ni mkubwa.

Link hatupeleki kwenye kambi. Tunakaa Kenya, kwenye nyasi na vumbi, na mauaji ya kimbari yanatufikia kwa posta. Mwanzoni barua ni ndefu na zina lawama za kifamilia: kwa nini hamjaandika, mtoto anakula nini, bado tunasubiri ruhusa ya kutoka. Kisha zinapungua. Kisha inakuja moja fupi, inayosema mama yake Jettel na dada yake wanapelekwa Poland. Jettel anaishika kama barua nyingine yoyote. Walter anajua. Uso wake unajua. Hakuna muziki mkubwa, hakuna mtu anayeanguka chini.

Ili uielewe barua hiyo unahitaji kujua kitu ambacho filamu haikufafanulii sana. Wakati wa vita, habari kati ya Ujerumani na nchi za maadui wake zilipitia Msalaba Mwekundu, kwa fomu maalumu, na mtu aliruhusiwa maneno 25. Ishirini na tano. Ya kifamilia tu, na fomu ilisomwa na wakaguzi njiani. Hebu jaribu kumuaga mwanao kwa maneno 25, ukijua kuna afisa atakayeyasoma kabla yake. Sisi tunaotuma sauti ya WhatsApp ya dakika nne kuuliza tu kama umeme umerudi, hatuna hata kipimo cha kulinganisha. Na walioandikiwa walibaki na hicho kikaratasi kama kaburi. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa, nusu yao wakiwa Wayahudi wa Poland, na idadi hiyo ni kubwa mno hata haishikiki kichwani. Filamu inakupa bibi mmoja na shangazi mmoja, halafu inanyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hii, chini ya milima na machweo yake yote, ni filamu ya karatasi. Na ndipo hasira yangu ilipopata jina.

Kwa sababu mateso ya Wayahudi chini ya Wanazi yalikuwa kazi ya serikali, tena serikali yenye mafaili yaliyopangwa vizuri. Hayakuanza na gesi. Aprili 1933 ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa serikali, na nyingine ya kuwazuia mawakili. Septemba 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua uraia kamili na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Oktoba 1938 pasipoti zao zilianza kugongwa herufi J nyekundu. Kuanzia Januari 1, 1939, kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halikumtambulisha wazi alilazimishwa kuongeza jina Israel, na kila mwanamke Sara. Karani alikaa mezani akaandika Israel, Israel, Sara, Israel, kutwa nzima, akaenda nyumbani kula. Na ulipofika wakati wa treni za kwenda kwenye mauaji, shirika la reli la Ujerumani lilitoza nauli kwa kila kichwa. Lilikuwa na kiwango cha makundi.

Upande wa pili wa bahari nako kulikuwa na makarani. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hao, na karibu kila nchi ilisimama, ikasikitika, ikaeleza kwa nini haina nafasi. Mjumbe wa Uingereza aliitaja Kenya kama mahali ambapo huenda familia chache zikapokewa. Chache. Walowezi hawakutaka wengi. Kwa hiyo tukisikia, kama ninavyoisikia ikisemwa kwa fahari kidogo, kwamba "Kenya iliwapokea Wayahudi," tuulize Kenya ipi. Aliyegonga muhuri alikuwa ofisa wa koloni, na aliyemzuia bibi yake Regina asiingie, kwa kuchelewesha tu, alikuwa ofisa wa koloni vilevile. Mluo, Mkikuyu, Mgiriama, Mswahili hawakuulizwa. Waliofika walishukia Kilindini, wakapanda treni wakaenda bara, na kilichowaokoa kilikuwa kibali. Jirani yake Walter huko Silesia mwenye akili ileile, upendo uleule kwa watoto wake, lakini asiye na kibali, alikufa.

Filamu inalijua hili kwa upande wa Walter. Angalia sehemu bora kabisa, kwa maoni yangu, ambayo wahakiki wengi wanaipitia mbio. Septemba 1939 vita vinatangazwa. Waingereza wanawakamata Wajerumani wote wa Kenya kama raia wa adui, na Wayahudi wamo. Wanaume wanapelekwa kambini, wanawake na watoto wanafungiwa Norfolk Hotel, Nairobi. Ndiyo, Norfolk, hoteli ya kifahari, kwa hiyo kuna kichekesho ndani yake, wanawake wakimbizi wanakula chakula cha matajiri chini ya ulinzi. Lakini ifikirie vizuri. Hitler anasema hawa si Wajerumani. Mwingereza anasema hawa ni Wajerumani. Pande zote mbili zinasoma karatasi ileile. Novemba 1941 Ujerumani ikatoa amri iliyowanyang'anya uraia Wayahudi wote waliokuwa nje ya nchi, na kwa amri hiyo Walter wa kwenye filamu, akiwa amesimama katikati ya mahindi, angekuwa si wa nchi yoyote bila hata kusogeza mguu.

Mtu wa pwani haitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi vizazi kadhaa bila utaifa, wakaanza safari ya kutembea kwa miguu hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo serikali ikawakumbuka. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi 2023. Na hata sisi tusiokuwa na shida hiyo, nani hapa Kisauni hajaambiwa alete cheti cha baba, kisha cha babu, kisha mzee wa mtaa aje athibitishe kwamba wewe ni wewe? Mwenzangu mmoja aliulizwa ofisini aseme sentensi tatu kwa lugha ya mama yake. Mama yake anazungumza Kiswahili. Akasema sentensi tatu kwa Kiswahili, wakamwambia hapana, lugha ya mama.

Sasa hili. Sisi kitambulisho tunakiita nini? Kipande. Mpaka leo, mtoto wa miaka 18 anasema "naenda kuchukua kipande." Neno hilo linatoka moja kwa moja kwenye sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, iliyomlazimu kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Karatasi ilikaa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka wewe ni mtoro, unatafutwa na polisi. Ilidumu mpaka sheria ya usajili ilipobadilishwa 1947, mwaka uleule familia ya Zweig ilipopanda meli kurudi Ulaya.

Owuor ni mwanamume Mwafrika, mtu mzima, mpishi wa kuajiriwa, katika nyanda za walowezi, kati ya 1938 na 1947. Kwa sheria, lazima alikuwa na kipande. Nimemtazama shingoni mara tatu. Hakipo. Hakitajwi. Hakuna anayemuuliza, hakuna anayetia sahihi. Familia inapohama kutoka Rongai kwenda Ol Joro Orok, Owuor anatokea tu na mizigo yake kwa miguu kwa sababu anawapenda. Link anaipiga hiyo sehemu kwa jua la jioni na unalia, mimi mwenyewe nililia mara ya kwanza. Lakini mwanamume Mluo kuhama wilaya kumfuata mwajiri ni jambo lililokuwa na makaratasi yake. Filamu iliyofuata karatasi za Walter kutoka Silesia hadi Norfolk, iliyojua bei ya muhuri mmoja, ilipofika kwa Owuor ikaweka chini kalamu na kuchukua machweo.

Sisemi kipande ni Auschwitz. Mtu atakayeyasoma makala haya hivyo atakuwa amesoma anachotaka. Mkoloni wa Kenya alitaka jasho la Owuor, hakutaka aishe duniani. Mnazi alitaka Wayahudi waishe, mpaka mtoto wa mwisho. Hiyo tofauti ni kubwa kuliko chochote nitakachoandika hapa. Ninachosema ni kwamba filamu yenyewe ndiyo iliyoanza kulinganisha. Kuna sehemu Jettel, akiwa bado mgeni na mwenye kiburi, anamtumatuma Owuor, anamdharau, na Walter anamkemea kwamba namna anavyowachukulia watu wa hapa inafanana na namna Wajerumani walivyowachukulia wao. Ni sehemu nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama isingefanya ubaguzi kuwa suala la adabu. Jettel anajirekebisha, anajifunza Kiswahili, anapendana na majirani, na filamu inaona deni limelipwa. Lakini adabu ya Jettel haiondoi kijaluba shingoni mwa mtu. Walter ni mwanasheria! Kama kuna mtu katika nyanda zote hizo aliyepaswa kutambua sheria ya ubaguzi akiiona, ni yeye.

Na kuna joho. Baada ya kupona malaria, Walter anamzawadia Owuor joho lake jeusi la uwakili, lile alilolibeba kutoka Ujerumani ambako hana tena ruhusa ya kulivaa. Mwaka huohuo 1938 Ujerumani ilimaliza kabisa kuwafukuza mawakili Wayahudi. Owuor analivaa kwa fahari, na analijua ni nguo ya mtu mwenye akili. Marehemu Sidede Onyulo, mwigizaji wetu, anafanya kitu cha ajabu hapo: halivai kama mtoto aliyepewa kanzu ya Idi. Analivaa kama mtu anayepokea cheo. Ana namna ya kutulia kabla hajajibu ambayo inawafanya wazungu wote kwenye filamu waonekane wana haraka. Ningemtazama saa mbili nyingine akiwa peke yake. Mwandiko wa filamu haumpi nafasi hiyo. Tunaambiwa ana wake na watoto kwao, hatuendi kwao. Kila akitoka kwenye fremu ni kana kwamba amezimwa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe. Kwa sikio la Mombasa kinachekesha kidogo, na nilicheka, kisha nikaacha. Regina anaitwa "memsahib kidogo." Mdogo, jamani, si kidogo, mtu si sukari. Lakini hiyo ndiyo ilivyokuwa: Kisetla, Kiswahili cha amri cha mashambani. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na kichwa chake kinataja waliokusudiwa: mwanajeshi, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Mpishi hayumo. Kwa hiyo Mluo na mtoto wa Kiyahudi walikutana kwenye lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao, tena iliyokatwakatwa ili itoshe kuagiza chai, na wakaifanya izungumze mambo ya Mungu na vifo. Regina anakua akiota kwa Kiswahili. Zweig aliandika Kijerumani kilichojaa maneno yetu, nusu karne baada ya kuondoka. Wanazi walitaka mtoto huyo asiwe na lugha yoyote, na yeye akatoka Kenya na tatu. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, na kimetoka kwenye kisarufi kibovu.

Jina la filamu je? Nirgendwo ni "si popote." Si popote Afrika. Naelewa maana yake kwa mkimbizi. Lakini Rongai ni mahali. Ol Joro Orok ni mahali, na ukilisikiliza jina utajua lilitolewa na Wamaasai. Wamaasai wa Bonde la Ufa walihamishwa kwa mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi, wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911. Na mwaka 1939, Norfolk ikiwa inajaa wanawake wa Kiyahudi, amri ya mfalme kutoka London ilikuwa imeweka mipaka ya nyanda za juu za wazungu rasmi. Ardhi huwa "si popote" baada ya mtu kuondolewa.

Jambo hili lina mzizi mrefu zaidi. Aprili 1903, baada ya Wayahudi 49 kuuawa katika ghasia za Kishinev, kwenye milki ya Urusi, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa tayari na wazo. Miezi michache kabla alikuwa ameshuka Mombasa akapanda reli mpya, akaona nyanda tupu dirishani. Agosti mwaka huo Uingereza ikawapa Wazayuni wa Theodor Herzl eneo la Uasin Gishu. Watu huliita "mpango wa Uganda" ingawa ni huku kwetu, karibu na Eldoret ya leo. Mkutano wao wa Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma wachunguzi. Wachunguzi wakaja mapema 1905, wakaona ubaya, na mwaka huohuo mpango ukakataliwa. Walowezi, Lord Delamere akiwemo, walikuwa wamepiga kelele tangu mwanzo kwamba hawataki Wayahudi. Wanandi hawakuulizwa na mtu. Wao walikuwa bado wanapigana. Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi kwenye mazungumzo ya amani. Kama unataka riwaya inayouchukua mpango huo na kuuliza ungekuwaje ungefaulu, tafuta Unholy Land ya Lavie Tidhar, ya 2018. Kuna taifa la Kiyahudi Afrika Mashariki, kuna ukuta, na kuna waliofurushwa upande wa pili wa ukuta. Haina utamu wa Zweig. Ina kitu ambacho Link alikikwepa: inajua kwamba nyika haikuwa tupu.

Na kabla hatujajipongeza kwamba chuki hii ni ya Wazungu peke yao, tuvuke mpaka kidogo. Karibu na Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, Waganda waliomfuata Semei Kakungulu kwenye dini ya Kiyahudi tangu 1919. Wazee wao wanasali kwa Kiebrania na Kiganda. Idi Amin alipotawala, kuanzia 1971, alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wakasali kwa kujificha, wengi wakabadili dini wapate kuishi. Walikuwa kama 3,000. Amin alipoangushwa 1979 walibaki kama 300. Hawa hawakutoroka Ulaya. Hawana machweo ya Oscar. Lakini ni Waafrika Mashariki walioandamwa na serikali ya Afrika Mashariki kwa sababu ni Wayahudi, saa chache tu kwa basi kutoka Eldoret, na kama kuna mwandishi kijana anayetafuta kisa, pale Nabugoye wapo watu wanaokumbuka.

Kwa hiyo je, uitazame? Itazame. Puuza wanaokwambia ni Out of Africa ya Kijerumani, ingawa kamera yake wakati mwingine inawapa hoja. Juliane Köhler, anayecheza Jettel, hakubali kupendeza, na mwanamke asiyependeza kwenye filamu ya wakimbizi ni nadra. Merab Ninidze anambebesha Walter aibu ambayo haina kosa nyuma yake, aibu ya mtu aliyekuwa wakili na sasa hajui kuchimba kisima. Kisome kitabu pia ukikipata kwa Kiingereza. Owuor wa kitabuni ana maneno mengi zaidi, ana hekima na ujanja, na anacheka vibaya.

Mimi nataka kisa cha tatu, na nakitaka kwa Kiswahili chetu, si cha kidogo-kidogo. Kianze miaka mingi kabla ya Walter kufika, nje ya ofisi ya DC, foleni ya wanaume kwenye jua. Kijana Mluo anaitwa mezani. Karani anamshika mkono, anamwingiza vidole kwenye wino kimoja kimoja, kumi vyote, anamwambia asijifute kwenye ukuta. Anaulizwa jina, anasema Owuor. Karani anaandika kitu, na kijana, asiyejua kusoma bado, anakiangalia kile kilichoandikwa kwa muda mrefu kabla hakijakunjwa, kikatiwa kwenye bati na kuvishwa kamba.